Bwana Shamba Anajibu: Nyuki, Maua na Mavuno

Katika toleo lililopita niligusia kwa maneno machache kwamba nyuki humfaidi mkulima hata yule asiyevuna asali, na tangu hapo barua hazijakoma kuingia. Wapo waliouliza kama kila shamba linahitaji mzinga, na wapo walioniambia waziwazi kwamba nawapigia debe wafuga nyuki. Nimechagua barua sita na kuzifupisha, na majina ya walioziandika nimeyaacha kama wengi wao walivyoomba.

Salaam, Bwana Shamba. Nalima tikiti maji nusu eka karibu na Busia. Msimu huu mitikiti ilistawi na maua yakawa mengi, lakini matunda machanga yaligeuka manjano na kudondoka yakiwa na ukubwa wa kidole gumba. Yaliyobaki yamepinda, upande mmoja mnene, upande mwingine umesinyaa. Muuza dawa amesema ni ugonjwa, nami nimekwisha kupulizia mara tatu. Ni ugonjwa gani huu?
*Mkulima wa tikiti, Busia*

Ndugu yangu, kabla hujatoa pesa ya dawa ya nne, chukua kisu, ulipasue tikiti moja lililopinda kwa urefu wake, kisha uzitazame mbegu. Ukikuta kwamba upande ulionenepa una mbegu zilizojaa na upande uliosinyaa una vijibegu vyeupe, bapa, visivyo na kitu ndani, basi huo si ugonjwa. Tunda hilo halikupata chavua ya kutosha. Mbegu zinazokua ndizo zinazolifanya tunda linenepe, na pale ambapo mbegu haikutunga, nyama ya tunda nayo hubaki palepale.

Mtikiti mmoja huzaa maua ya namna mbili. Ua dume hutoa chavua, ule unga wa manjano unaokushika kidoleni, na ua jike utalitambua kwa kijitikiti kidogo chenye manyoya kilichokaa chini ya petali zake. Chavua ya mtikiti ni nzito na inanata, kwa hiyo upepo hauna msaada hapo. Ni lazima mdudu aitoe kwenye dume na kuifikisha kwenye jike. Ua jike moja huhitaji chembe za chavua zipatazo 1,000, nazo zienee katika sehemu zote tatu za ncha yake, jambo ambalo nyuki mmoja hawezi kulitimiza kwa kutua mara moja. Inakadiriwa kwamba ua litembelewe mara nane au zaidi ndipo tikiti litoke limenyooka. Na muda wenyewe ni mfupi ajabu, kwa sababu ua hufunguka jua likishachomoza, hujifunga mchana, na halifunguki tena maishani mwake.

Kwa hiyo nakuomba ufanye kazi moja isiyo na gharama. Saa moja na nusu asubuhi kaa chini mbele ya maua majike matano, simu iache nyumbani, uhesabu wanaotua kwa muda wa robo saa. Niliwahi kufanya hivyo katika shamba la rafiki yangu lenye malalamiko kama yako. Robo saa ya kwanza nilihesabu sisimizi wawili na nzi mmoja. Nilikaa hadi saa tatu, nikamwona nyuki mmoja tu, akiwa na vidonge viwili vya chavua vimebanwa kwenye miguu ya nyuma; aligusa maua dume mawili, akalizunguka jike moja, akaondoka. Rafiki yangu alikuwa amepulizia dawa ya wadudu asubuhi ya siku iliyotangulia, tena dawa aliyouziwa kutibu matunda yaliyopinda. Nawe hukuniambia mara tatu zako zilikuwa saa ngapi.

Kwa nusu eka, msimu huu bado unaweza kuokoa kitu kwa mkono. Chuma ua dume lililofunguka asubuhi hiyo, ng'oa petali zake, ulisugue taratibu juu ya ncha ya ua jike, sehemu zote tatu, kabla ya saa nne. Kwa msimu ujao, mzinga mmoja au miwili kwa eka moja inatosha, lakini usingoje maua ndipo uanze kutafuta nyuki. Kwetu mzinga hutundikwa ukiwa mtupu, umepakwa nta ndani, na nyuki huja wenyewe wakati wanaoutaka wao. Mara nyingine ni wiki mbili, mara nyingine ni miezi. Niongeze tu kwamba ukame nao huangusha matunda machanga, kwa hiyo kama hukumwagilia, usiwatwike nyuki lawama yote.

Bwana Shamba, mume wangu amesoma mahali kwamba kahawa hujichavusha yenyewe, na sasa anataka kukata miti iliyo kandokando ya shamba letu pamoja na mizinga ya magogo aliyoachiwa na marehemu baba yake, ili apande mibuni zaidi. Wifi yangu aliyeolewa Mbale anamuunga mkono. Mimi moyo unasita. Nani anasema kweli?
*Mama wa mibuni, Masaka*

Mama, mumeo amesoma sawa, ila amesoma habari za kahawa ya wifi yako. Kahawa inayolimwa huko kwenye miteremko ya Mlima Elgon ni arabika, na ua la arabika lina uwezo wa kujirutubisha kwa chavua yake lenyewe. Ninyi wa Masaka mnalima robusta, ambayo ina tabia tofauti kabisa. Mbuni wa robusta huikataa chavua yake wenyewe, na huikataa pia chavua ya mbuni mwingine wa kloni ileile, kwa kuwa miche ya kloni hutokana na vipandikizi vya mama mmoja na mbele ya ua ni mti mmoja uliosimama mahali pengi. Hili lina uzito zaidi leo kuliko zamani. Ugonjwa wa mnyauko wa kahawa ulioanza kuenea nchini Uganda katika miaka ya 1990 uliangamiza karibu nusu ya mibuni ya robusta, na wakulima wengi wakapanda upya kwa miche ya KR (Kituza Robusta), kloni zenye namba zinazostahimili ugonjwa huo. Mkulima anayejaza shamba zima kwa namba moja ya KR, eti kwa sababu ndiyo inayozaa sana kwa jirani, ataona maua ya kupendeza na buni za kuhesabika. Panda namba mbalimbali kwa kuchanganya.

Chavua ya robusta hubebwa na upepo pia, sitaki kulificha hilo, na ndiyo sababu hata shamba lisilo na nyuki hukosi kulipata na buni. Lakini upepo hauchagui pa kwenda, na chavua yake nyingi huishia kwenye majani na udongo. Nyuki hutoka ua hadi ua, na ana mazoea ya kushikamana na aina moja ya maua katika safari moja, kwa hiyo akianza na kahawa anakwenda na kahawa mpaka ajaze tumbo.

Tena hata hao wa arabika wasijisifu mno. Mwaka 2002 mtafiti David Roubik alichapisha matokeo ya kazi yake huko Panama, yaliyoonyesha kwamba mibuni ya arabika iliyotembelewa na nyuki ilizaa zaidi kwa asilimia 50 na kitu kuliko ile iliyozuiwa wasiifikie. Mwaka uliofuata watafiti waliofanya kazi katika kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, walikuta kwamba mahali palipokuwa na aina tatu tu za nyuki, maua yapatayo asilimia 60 yalitunga matunda, na palipokuwa na aina ishirini, asilimia ilifika 90. Angalia neno "aina". Si nyuki wa asali peke yao. Ni pamoja na wale wadogo wasiouma wakaao ndani ya mashimo ya miti, na wale wanaoishi mmojammoja kwa kutoboa ardhi, ambao hakuna mtu anayewatundikia mzinga. Mumeo akiikata miti ile atakuwa amebomoa nyumba zao pamoja na mizinga ya baba yake.

Kumbuka pia jinsi mibuni inavyochanua. Mvua inayovunja kiangazi ikinyesha, baada ya siku nane hadi kumi hivi shamba zima hugeuka jeupe kwa siku moja, likanukia kama asmini, na baada ya siku mbili au tatu maua yamesinyaa. Nyuki wa kuletwa kwa gari hatafika kwa wakati. Anayefaa ni yule aliyekwisha kuwa jirani. Na nikupe jambo la kumchekesha mzee hapo nyumbani: mbochi, yale maji matamu ya ua, katika kahawa ina kafeini kidogo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kiasi hicho humsaidia nyuki kukumbuka harufu ya ua hilo na kulirudia. Nasi tunadhani kikombe cha asubuhi ni uvumbuzi wetu.

Kwenye mkutano wa kijiji chetu mzee mmoja alisema nyuki ndio walioleta mnyauko wa migomba, na kwamba mizinga yote ichomwe moto. Vijana wamekubali. Je, ni kweli?
*Kijana wa Mukono*

Mzee hakusema uongo, lakini alikisema kipande kidogo cha ukweli kana kwamba ndicho ukweli wote. Mnyauko wa bakteria ulitambuliwa Uganda mwaka 2001, tena huko huko kwenu Mukono. Mkungu unapokomaa, tumba lile la zambarau linaloning'inia mwisho wake hudondosha kope zake moja baada ya nyingine, na kila kope linapoanguka huacha kidonda kibichi kinachotoa majimaji. Nyuki, nzi na nyigu hufuata utamu pale, hukanyaga majimaji ya mgomba mgonjwa, kisha huruka na bakteria miguuni hadi kwenye kidonda cha mgomba mzima. Na hapo nyuki hana hata kazi ya uchavushaji ya kujitetea nayo, kwa maana matoke hayana mbegu na hutunga bila chavua.

Hata hivyo, ukiichoma mizinga yote ya Mukono, nzi watabaki, nyigu watabaki, na panga litabaki. Panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima bila kupitishwa kwenye moto hueneza ugonjwa kwa uhakika kuliko mdudu yeyote. Fanyeni hivi: chane ya mwisho ikishatokea, livunjeni tumba kwa kijiti chenye panda, kwa kulizungusha na si kwa kulikata. Kidonda kitakauka, na mdudu hatakuwa na sababu ya kutua. Kijiti ni cha bure, na anaweza kukitumia hata mtoto wa miaka kumi.

Nawafundisha wanafunzi kilimo. Naomba kujua ni mazao gani hayamhitaji nyuki kabisa, maana vitabu huzungumza kana kwamba bila nyuki tutakufa njaa.
*Mwalimu, Masindi*

Mwalimu, vitabu hivyo hutia chumvi. Mahindi huchavushwa na upepo. Mpunga, mtama na ulezi havimngojei mdudu. Maharage hujichavusha hata kabla ua halijafunguka sawasawa. Mihogo na viazi vitamu hupandwa kwa vikonyo na marando, kwa hiyo mavuno yake hayategemei mbegu. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2007 ilikuta kwamba kati ya mazao 115 makuu ya chakula duniani, 87 hufaidika na wanyama wachavushaji, lakini ukipima kwa uzito, asilimia ipatayo 60 ya chakula hutoka kwenye mazao yasiyowahitaji. Ugali utakuwepo. Kitakachopungua ni maboga, matikiti, pasheni, maembe, parachichi, yaani kile kinachokaa pembeni ya ugali na kile anachouza mama sokoni apate ada ya shule.

Nyanya ziwekeni fungu la peke yake. Ua la nyanya huificha chavua ndani ya mrija wenye tundu dogo, na chavua haitoki mpaka ua litikiswe. Upepo husaidia, lakini fundi wa kazi hiyo ni yule nyuki mweusi mnene anayetoboa mbao za paa, ambaye hulikumbatia ua na kuvuma mpaka chavua imwagike. Nyuki wa asali hajui kuvuma hivyo, kwa hiyo msiwaambie wanafunzi watundike mzinga kwa ajili ya nyanya.

Nina mizinga kumi na miwili hapa Lira, na jirani yangu ana eka nne za alizeti. Mwezi uliopita alipulizia dawa saa nne asubuhi alizeti ikiwa imechanua. Jioni nikakuta nyuki wamelala chini mbele ya mizinga kama punje zilizomwagika, wengine wakizunguka kama walevi. Nilipomwendea akaniambia nyuki wangu ndio wezi, wanakula alizeti yake na mimi nauza asali bila kumpa hata kijiko. Nani ana haki?
*Mfuga nyuki, Lira*

Mambo ya haki nawaachia wewe, jirani yako na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Mimi nitajibu kwa upande wa ua.

Kichwa cha alizeti si ua moja. Ni mamia ya maua madogo yaliyobanana, yanayofunguka kwa mizunguko kutoka ukingoni kuelekea katikati kwa muda wa wiki moja na zaidi, na kila ua dogo likipokea chavua huzaa mbegu moja. Sasa, ua hilo huanza kwa kutoa chavua, na sehemu yake ya kike hukomaa baadaye, kwa kawaida siku inayofuata, wakati chavua yake imekwisha kuchukuliwa. Zipo mbegu za kisasa ambazo hujichavusha kwa kiasi fulani, lakini hata hizo hujaza vizuri zaidi nyuki wanapotembea juu yake. Mwambie jirani aje na kichwa kimoja kilichokauka, aminye mbegu kwa ukucha kuanzia pembeni hadi katikati. Zile zinazobonyea ni maganda matupu, na kwenye mashine ya kukamua hazitoi hata tone la mafuta. Nyuki haigusi mbegu. Huchukua mbochi na chavua, na chavua ile inayomponyoka njiani ndiyo mapato ya jirani yako.

Ulevi uliouona ni dalili ya sumu ya neva. Saa nne asubuhi ni saa mbaya kuliko zote, kwa sababu ndipo nyuki wanapojaa kwenye vichwa vya alizeti, na dawa kama saipamethrini au daimethoeti humuua akiguswa tu. Ikiwa hapana budi kupulizia wakati wa maua, iwe jioni baada ya saa kumi na mbili, nyuki wakiwa wamerudi, ili dawa ikauke usiku. Lakini daimethoeti hukaa kwenye mmea kwa siku kadhaa, kwa hiyo hiyo aiache kabisa mpaka maua yaishe. Lipo pia kundi jingine ambalo hata jioni haiponyi. Imidaklopridi huingia katika maji ya mmea na kufika kwenye mbochi na chavua yenyewe, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mashambani mwaka 2018 pamoja na wenzake wawili wa ukoo huo, klothianidini na thiamethoksamu. Hapa kwetu utaikuta dukani, tena mara nyingi imepimwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo, na hilo ndilo linalonikera kuliko jirani yako.

Na wewe unayo sehemu yako. Mwombe akuarifu siku moja kabla. Usiifunge mizinga siku nzima, maana kwa jua la Lira utawapika nyuki humo ndani. Kuhusu kijiko cha asali, jirani amesema neno la kweli hata kama alilisema kwa hasira. Kila ninapovuna, chupa mbili huenda kwa jirani yangu kabla sijauza hata moja. Desturi hiyo haikutokana na wema wangu. Ilianza siku nyuki wangu walipomvamia mbuzi wake aliyekuwa amefungwa kamba hatua ishirini kutoka mzingani, mahali ambapo mimi mwenyewe nilimwambia ni salama. Mbuzi nilimlipa. Chupa nikaendelea kupeleka, na tangu hapo hunipigia simu kila anapotaka kupulizia.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi. Bibi yangu wa Bundibugyo huchavusha vanila ua kwa ua kwa mwiba, lakini kakao iliyo shamba hilohilo haigusi na huzaa. Kwa nini nyuki hawamsaidii kwenye vanila?
*Mjukuu, Kasese*

Marahaba, mwanangu. Vanila asili yake ni Meksiko, na nyuki wanaolijua ua lake waliachwa huko ilipovushwa bahari. Ndani ya ua kuna kiwambo chembamba kinachoitenga chavua na sehemu ya kike, na nyuki wetu hawakijui. Mtu aliyeonyesha namna rahisi ya kukiinua kwa kijiti na kuibonyeza chavua kwa kidole alikuwa Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, mwaka 1841. Bibi yako anafanya vilevile mpaka leo, tena lazima amalize asubuhi, kwani ua la vanila huishi siku moja tu, kisha angojee miezi tisa hivi ganda la vanila likomae.

Kakao nayo haichavushwi na nyuki wala mkono. Wachavushaji wake ni visubi, vidudu vidogo sana vinavyozaliana katika majani na maganda ya kakao yanayooza chini ya miti. Ukifika likizo mwambie bibi asifagie sana chini ya mikakao.